Mlango Mmoja Uliobaki Kijijini

Leokadia mwanangu,

Mama yako amekwisha kukufungia mchele, amekuonyesha dawa za malaria zilipo, amekwambia uchemshe maji na usimzoee mwanaume asiyetaka kutaja kwao. Hayo sitayarudia. Lori la Mpanda litapita asubuhi, na kabla hujapanda nataka uwe na maneno haya mkobani. Nikijaribu kukwambia kwa mdomo nitaanza kukohoa na kuzungumzia mvua, unanijua.

Unakwenda kuwa mtendaji wa kijiji. Habari ilipofika nilifurahi mpaka nikaacha kazi, nikazunguka kwa majirani kuwaambia kama mtu aliyepata mjukuu. Jioni yake, nikiwa nimekaa peke yangu, nikaingiwa na baridi. Nilikumbuka mwaka ule ulipokuwa kwa shangazi yako Mpanda, darasa la nne. Ulipokuja likizo uliniuliza, "Baba, mbona watu hawatusalimu?" Nikakujibu wamechoka na kilimo. Ukauliza kwa nini nyumba nyingi hazina milango, nikasema nimeichukua kuitengeneza. Yote mawili nilikudanganya. Mama yako alinitazama tu akaendelea kupepeta mchele. Leo nimemuuliza kama nikuandikie, akasema, "Mwambie. Sasa anakwenda kuwa mmoja wao, wenye kutoa amri."

Masika ya mwaka ule watoto walikufa. Ilianzia bondeni, kwa wanaolima mpunga, ikapanda huku juu. Mtoto anashikwa na joto, macho yanakuwa mekundu, anakohoa, halafu anatulia. Ule utulivu ndio uliotutisha. Unaweza kumwona mtoto wa jirani amekaa kizingitini, anakutazama bila kupepesa macho, na kesho yake unasikia kilio. Wazee walisema surua wanaijua, na hii si surua wanayoijua. Barabara ya kwenda kijiji cha Mamba ilikuwa imekatwa na maji. Mwenyekiti wetu alituma watu wawili kwa miguu kwenda kuomba msaada, hawakuleta jibu.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Kasiani. Nataka umwelewe vizuri huyu, kwa sababu ukimfanya mtu mbaya barua yangu haitakufaa kitu. Alikuwa mwema. Madarasa uliyosomea darasa la kwanza mpaka la tatu, yeye ndiye aliyesimama juani na sisi tukifyatua matofali, na hakuchukua hata bati moja kupeleka kwake. Alikuwa rafiki yangu. Masika yale alimzika kitinda mimba wake, Deo. Jeneza nililitengeneza mimi, dogo kiasi kwamba mbao zilizobaki zilitosha kutengeneza kigoda.

Baada ya mazishi yale akaitisha mkutano mkuu wa kijiji.

Pale mkutanoni tulimkuta mgeni. Alikuwa mmoja wa wale watafuta uchawi tunaowaita lambalamba, ila wote walimwita Mtaalamu. Hakuwa na manyoya wala vibuyu. Alikuwa kijana mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi, ananukia sabuni. Sauti yake ilikuwa ndogo hata watu waliokaa nyuma walisogea mbele kumsikia, na wote tulijikuta tumemzunguka karibu kuliko tulivyotaka. Akasema kinachoua watoto wetu kimo ndani ya nyumba. Akasema atakitafuta nyumba kwa nyumba, lakini kitu hicho hakionekani penye mlango. Ukifunga mlango, hata ukiufungua tena, chenyewe kimekwisha kujua. Kwa hiyo milango yote ya kijiji itolewe, iwekwe mahali pamoja, mpaka kazi iishe.

Mzee Kasiani akasimama. Alikuwa amekonda. Akasema, "Ndugu zangu, mimi sitaki kumlazimisha mtu. Tupige kura. Tukikubaliana, inakuwa sheria ya kijiji, na atakayeikataa atakuwa amesema mwenyewe kwamba watoto si kitu kwake."

Redioni siku zile walikuwa wanatangaza habari za vyama vingi, kwamba mwananchi sasa atachagua. Basi na sisi tulichagua. Mikono ilinyooka kama mahindi shambani. Mimi nilinyoosha wa kwangu juu kabisa, na nikageuka kuona nani hakunyoosha. Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Sikumwona mama yako, alikuwa nyuma na wanawake.

Kazi ya kutoa milango nikapewa mimi, kwa kuwa ndiye fundi, na mingi niliitengeneza kwa mikono yangu. Nilijisikia mtu mkubwa. Nilitembea na nyundo na bisibisi, mgambo wawili nyuma yangu wakibeba. Nilitoa milango ya mninga, nikatoa ya mbao za masanduku, nikatoa ya mabati ya mapipa yaliyonyooshwa. Palipokuwa na mlango wa matete niliukunja kama mkeka. Watu walinisaidia wakicheka. Mzee mmoja alinipigapiga begani akasema, "Fundi, kumbe na kubomoa unajua." Yote tukaipanga kwenye ghala la ushirika, imeegemeana, na nilipotoka mle ndani nikasikia inapasuka-pasuka kidogo kama mbao mbichi zinavyofanya. Lakini haikuwa mibichi, ilikuwa ya miaka mingi, mikavu kama mfupa. Nilifunga ghala kwa kufuli nikaondoka haraka.

Ulikuwa mchana, jua kali. Nikasimama katikati ya kijiji, nikakitazama. Mwanangu, nyumba ikiwa na mlango uliofunguliwa inakuwa kama mtu anayezungumza. Ikiwa haina mlango kabisa inakuwa na shimo jeusi usoni, na kila shimo linakutazama. Upepo wa bondeni ulipokuja uliingia mbele ukatokea madirishani, na kila nyumba ikatoa sauti yake, ndogo, kama mtu anayepuliza juu ya chupa. Nyumba zote. Kuku waliokuwa uani wakakimbilia porini badala ya ndani.

Siku zilizofuata kijiji kilinyamaza. Mume na mke wakiwa na neno wanalimeza, maana anayepita anasikia. Wenye kutaka kutundika kanga mlangoni walikatazwa. Watu wakaanza kutoa vigoda nje na kukaa wakiwa wameelekea nyumba zao wenyewe, migongo barabarani, wakitazama ndani ya giza lao. Nilimuuliza jirani yetu anatazama nini. Akanijibu bila kugeuka, "Nataka kikitoka nikione."

Na kitu kingine kilipotea ambacho sikukitambua mpaka mama yako aliponiambia baadaye. Watu waliacha kubisha hodi. Utabisha hodi wapi? Mtu anaingia tu, unamkuta amesimama nyuma yako jikoni. Wengine hata hawakuwa na shida yoyote. Walikuwa wanaangalia.

Nyumba yetu nilikuwa nimeiacha ya mwisho, jioni ya siku ileile ya kutoa milango. Nilimkuta mama yako amekaa kizingitini anabangua karanga, mlango umefungwa nyuma yake.

"Sogea kidogo, Mama Leokadia," nikamwambia. "Tumebaki sisi tu."

"Mlango huu hautoki."

Nilidhani anatania. "Ni sheria. Kijiji kizima kimepiga kura."

"Mimi sikunyoosha."

"Wengine wote wamenyoosha."

"Basi wakatoe ya kwao."

Wale mgambo walikuwa wananitazama. Nikaona aibu, na aibu ikanifanya nitoe neno ambalo mpaka leo nalisikia. Nikamuuliza mke wangu, "Kwani ndani kuna nini?"

Aliacha kubangua. "Umelala humo tangu tuoane," akasema. "Unaniuliza mimi?"

"Kama hakuna kitu, tatizo liko wapi?"

"Hakuna kitu. Na hiyo nafasi isiyo na kitu si yao."

Wakamwita Mzee Kasiani. Alikuja mwenyewe, akachuchumaa mbele yake kwa heshima kabisa. "Shemeji," akamwambia, "mimi nimemzika Deo. Sikuombi kwa ajili yangu. Kama huna kitu, unaogopa nini?"

"Nakuogopa wewe, shemeji," mama yako akasema. "Juzi ulikuja hapa ukasimama pale kwenye ua, ukapiga hodi mpaka nikakuitikia. Leo umekuja na watu wa kubeba."

Mzee Kasiani alipoinuka, macho yalikuwa yamejaa machozi. Hakuamuru mlango uvunjwe. Alitoa amri nyingine, kwa upole uleule: mpaka nyumba hii ifunguliwe, mtu asiwasalimie wa humo, asiwape moto, asichote nao maji kisima kimoja, asiwasagie nafaka. Kisha akanigeukia. "Wewe, fundi, wewe ni mwenzetu. Amua mwenyewe uko upande gani wa mlango."

Nikachukua vyombo vyangu nikaenda kulala kwenye karakana.

Hilo mama yako hajawahi kulitaja mbele yako, wala mbele yangu. Mimi ndiye ninayelitaja. Usifikiri nilikwenda kwa sababu ya kuogopa kijiji. Nilimwogopa yeye. Kijiji kizima kilipoanza kusema ndani ya nyumba yangu kuna kitu, nami nilianza kukumbuka: mbona siku fulani aliamka mapema? Mbona hakulia sana msibani? Nilimjua tangu akiwa msichana wa kusuka ukili, na hofu iliweza kumbadilisha akawa mtu nisiyemjua.

Utafutaji ukaanza. Mtaalamu alikuwa anasimama mbele ya shimo la nyumba, haingii, anainamisha kichwa kama anayesikiliza. Halafu anasema polepole, "Yupo mtu amekaa pale pembeni." Wote tunachungulia, na wallahi, ukichungulia gizani kutoka juani baada ya kuambiwa hivyo, unamwona. Mimi nilimwona zaidi ya mara moja, amekaa, magoti yamekunjwa, uso hauna kitu. Macho yakizoea, ni gunia.

Kwa Yustina, yule mjane mfinyanzi aliyekaa karibu na mto, hakikuwa gunia. Walifukua chini ya kihenge chake cha nafaka wakatoa pembe iliyozungushiwa shanga nyekundu. Niliiona kwa macho yangu, ilikuwa na udongo mbichi. Yustina aliitazama kama tulivyoitazama sisi. "Sijui," akasema. "Jamani, sijui." Wakamnyoa nywele pale pale, wakamnywesha maji ya dawa, wakasema yeye ndiye aliyemla Deo na wenzake. Mzee Kasiani aligeuza uso. Kesho yake Yustina hakuonekana. Nyayo zake zilielekea kwenye nyika iliyojaa maji, kule kwenye viboko, zikaishia kwenye matope.

Mpaka leo sijui ile pembe ilitoka wapi, mwanangu. Sikuandikii kukwambia uchawi upo au haupo. Hilo ni kubwa kuliko fundi seremala.

Baada ya hapo nyumba yetu ikawa kitu cha ajabu. Katika kijiji chote ndiyo peke yake iliyokuwa na uso. Watoto wakipita walikuwa wanakimbia. Mimi niliitazama kutoka karakana, ng'ambo ya njia. Mama yako alitoka asubuhi na ndoo kwenda kuchota maji mtoni, mbali, kwa kuwa kisimani alikatazwa. Akirudi anaingia, anafunga. Mchana mmoja, watu wote wakiwa mashambani, upepo ukaleta sauti kutoka mle ndani. Sauti za wanawake. Moja ilikuwa ya mke wangu. Nyingine haikuwa yake.

Nilihesabu waliokuwa wanaongea na sisi, sikupata hata mtu mmoja. Nikasikiliza tena. Ile sauti ya pili ilicheka, kicheko kidogo cha mtu aliyesahau kucheka, halafu ikakatika.

Ningeweza kwenda kumwambia Mzee Kasiani. Miguu ilikwisha kugeukia huko. Sijui kilichoirudisha. Labda ni vile sikuwa nimemsikia mke wangu akiongea kwa siku nyingi, na sauti yake ilinichoma. Nikavuka njia, nikasimama uani kwangu, mbele ya mlango niliouchonga mwenyewe mwaka tuliooana, na sikuweza kuusukuma. Nikasema, "Hodi."

Kuku wa uani waliinua vichwa.

"Hodi humu ndani."

Na ile sauti isiyo ya mke wangu ikajibu, karibu kabisa na ubao, "Karibu."

Nilisukuma. Giza likanifunika, nikaona mtu amekaa pale pembeni, magoti yamekunjwa, kichwa cheupe kama yai. Nilitaka kupiga kelele. Mama yako akanishika mkono. "Ni Yustina," akasema. "Funga mlango, baba. Nzi wanaingia."

Alikuwa amejificha kwenye kibanda cha kuamia ndege mpungani, akawa anakuja mchana kuiba viazi. Mama yako akamkuta mtoni. Akamleta nyumbani, maana palikuwa na mahali pa kumweka. Fikiri kidogo hapo. Siku aliyokataa kuutoa mlango hakuwa na mtu wa kumficha wala sababu ya kumweleza mtu. Kama angengoja mpaka apate sababu, mlango ungekuwa ghalani na mingine.

Nilikaa chini. Sikuomba msamaha kwa maneno, mama yako akanisogezea karanga nibangue. Tulikuwa tunabangua hivyo, watu watatu, pakabishwa hodi tena.

Nilimwona Yustina akijibana ukutani kana kwamba anataka kuingia ndani ya tope. Mama yako akauliza, "Nani?"

"Mimi. Mama Deo."

Mke wa Mzee Kasiani. Hatukuwa na chumba cha pili chenye pa kujificha, na mtu aliyesimama nje alikuwa amekwisha kusikia tupo. Mama yako akamfungulia.

Mama Deo aliingia akiwa amejitanda kanga hadi puani. Macho yake yalichukua muda kuzoea giza, nasi tulikaa tukingoja yazoee. Yalipozoea yakatua kwa Yustina. Mama huyu aliambiwa mbele ya kijiji kizima kwamba Yustina ndiye aliyemla mwanawe. Walitazamana.

"Nimekuja kulia," Mama Deo akasema hatimaye, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeomba chumvi. "Mtaalamu amekataza. Anasema mama wa marehemu akilia kabla kazi haijaisha, kitu kinarudi. Na kwangu kila anayepita ananiona uso." Akautazama mlango. "Naomba mfunge."

Mama yako akafunga mlango. Yule mama akakaa chini, akaweka kanga mdomoni, akalia. Sijawahi kusikia kilio cha namna ile, kilikuwa hakina sauti, ila nyumba nzima ilitetemeka nacho. Yustina hakusogea. Baadaye sana nikaona amenyoosha mkono, akaweka maji kwenye kikombe, akakisukuma sakafuni mpaka katikati. Mama Deo alikitazama. Hakukinywa siku ile. Lakini kesho yake alirudi, akanywa.

Mtaalamu alikwisha kumaliza nyumba zote, na watoto walikuwa bado wanakufa. Akasema ni kwa sababu ya nyumba moja. Asubuhi moja kijiji kizima kikaja uani kwetu, Mzee Kasiani mbele. Mimi, niliyekwisha kurudi kulala nyumbani, nilikuwa nimesimama nje. Akaninyooshea bisibisi yangu mwenyewe, waliyoichukua karakana. "Toa bawaba, fundi. Tumevumilia."

Niliishika. Nakwambia kweli, sijui ningefanya nini. Ningependa kukuandikia kwamba niliitupa chini. Kabla sijafanya lolote mlango ukafunguka wenyewe, kidogo, kiasi cha mtu mmoja kupita. Akatoka Mama Deo. Akaurudishia nyuma yake, akasimama mbele ya mumewe.

Watu walirudi nyuma kama waliomwona mfu.

"Humu ndani nimemlilia Deo," akasema. "Kila siku. Mnataka kuingia kutafuta nini?"

Mtaalamu akasogea, akainamisha kichwa kusikiliza kama kawaida yake. "Mama," akasema taratibu, "ndani kuna mtu mwingine."

Mama Deo alimgeukia. Alijua. Angesema neno moja tu, na Yustina, aliyesemwa ni muuaji wa mwanawe, angeburutwa nje.

"Yupo," akasema. "Ni mke wa fundi. Mpisheni apumzike."

Hakuna aliyesogea mbele. Mmoja mmoja wakaanza kuondoka, wakiangalia chini. Mtaalamu alibaki amesimama juani katika shati lake jeupe mpaka akawa peke yake, halafu naye hakuwepo. Hakuna aliyemwona njiani, wala watu wa Mamba hawakumwona akipita.

Maji yalipopungua alikuja nesi kwa baiskeli, kasha la chanjo limefungwa nyuma. Akasema ni surua. Alipita nyumba kwa nyumba, na mbele ya kila shimo alisimama akaita hodi. Watu walimtazama kutoka ndani, wamesahau kinachojibiwa. Yeye akaendelea kusimama hapo na kuita mpaka mtu akakumbuka. Huyo naye alitumwa na serikali, mwanangu, kwa hiyo usinisikie vibaya. Sisemi kijiji kisiwe na kiongozi. Kuna watu wanaishi leo kwa sababu ya lile kasha.

Yustina tulimpeleka Mpanda kwa lori la mpunga, amelala chini ya turubai. Akapanda treni kwenda kwa ndugu zake upande wa Kaliua. Hatukupata tena habari zake. Nyumba yake ipo, imeanguka upande mmoja.

Nilifungua ghala nirudishe milango. Wengi walikuja kuichukua, wengine hawakuja, na nyumba za hao ndizo ulizoziona ulipokuja likizo. Walisema wamezoea. Kijiji hakikutusalimia kwa muda mrefu, hata baada ya amri kwisha, nadhani kwa aibu. Mzee Kasiani hakutaka wa kwake kabisa. Mama Deo alirudi kwao, akamwacha peke yake. Nilimwendea mwaka mmoja baadaye, nikiwa nimeubeba mlango wake mgongoni bila kuitwa. Nilimkuta amekaa ndani, mbali na ukuta, kama mtu aliyebanwa kwenye basi.

"Nikufungie, mzee," nikamwambia.

"Ukifunga watatokea wapi?"

"Kina nani?"

Alinionyesha kwa kidevu, pembeni, kisha pembe ya pili, kisha nyuma ya mlango usiokuwepo. "Hawa. Nilifungua kila nyumba, nikawatoa. Unafikiri walikwenda wapi?" Akapunguza sauti. "Ongea polepole. Wanapenda kusikiliza."

Nyumba ilikuwa tupu. Nilijua ni tupu. Lakini nilipotoka nilitoka kinyumenyume, na mlango nikauacha umeegemea nje. Alikufa masika yaliyofuata. Nilimzika rafiki yangu, nikalia sana, na bado namlilia.

Huyo ndiye ninayemwogopea ndani yako, Leokadia, huyo mwema. Kama angekuwa mwizi tungemshtukia mapema, tungemkatalia. Lakini alitupenda, alikuwa na uchungu wa kweli, na sisi tulimpa mikono yetu yote. Wewe nawe una huruma kama yake. Ulikuwa ukiona kifaranga kimelowa unakosa usingizi. Itakuja siku, kijiji chako kitakuwa na msiba au njaa, watu wamekaa mbele yako wanataka ufanye jambo, na jambo hilo litakuwa ndani ya nyumba ya mtu. Watapiga kura. Mikono itanyooka yote isipokuwa mmoja, na utaona jinsi huyo mmoja anavyochukiza. Mimi nimemchukia, naijua hiyo chuki, inafanana sana na kuwapenda watoto.

Sina elimu ya kukwambia mpaka wa serikali unapita wapi. Mama yako aliujua akiwa amekaa anabangua karanga, mimi nikaupita na bisibisi mkononi. Ninachokuomba ni kidogo. Siku hiyo, wakikuletea karatasi ya hiyo kura uigonge mhuri, uwe mvivu. Uumwe kichwa. Sema wino umekauka, mpaka mwingine utoke Mpanda, na Mpanda ni mbali.

Baba yako,
Fundi Pius